Nishati Isiyosoma Kwenye Mita

Shangazi yangu alirudi nyumbani Tabata jioni moja akiwa na mfuko wa kaki, karatasi zaidi ya thelathini zilizobanwa pini, na kidani cheusi shingoni, cha duara, ukubwa wa kizibo cha soda. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku akinitupia zile karatasi mapajani.

"Hebu soma, mwanangu. Wamenipima mwili mzima."

Nikasoma. Ini, nishati chini. Figo, nishati chini kidogo. Kongosho, nishati haijakaa sawa. Goti, ambalo ndilo lililomtoa nyumbani asubuhi ile, halikutajwa popote. Kipimo chenyewe alinisimulia: alishikishwa kijiti cha chuma chenye waya uliochomekwa kwenye kompyuta, akaambiwa atulie, na dakika moja na ushee majibu yakawa tayari. Shilingi 10,000. Kisha akalazwa kitandani, kijana akapitisha viganja juu yake bila kumgusa ili "kusawazisha nishati". Kidani kilikuja mwisho, Shilingi 85,000, cha kuvaa usiku na mchana.

"Nishati gani, shangazi?"

"Nishati ya mwili. Kwani wewe huna?"

Swali hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu jibu lake la haraka ni kwamba ninayo, na biashara nzima ya tiba za nishati imesimama juu ya jibu hilo. Mambo haya sasa yametapakaa. Kuna wanaofundisha reiki, tiba ya Kijapani ya kuponya kwa viganja, kwa ngazi na vyeti, kuna mashine za "kupima mwili mzima" hadi kwenye vibaraza vya maduka, kuna wanaotuma uponyaji kwa mbali kupitia WhatsApp huku mgonjwa amekaa sebuleni kwake. Watu wanabishana kama ni sayansi, ni dini, ni uganga au ni wizi mtupu. Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anatumia neno lilelile akiwa na kitu chake kichwani. Kwa hiyo tuanze na neno.

Nishati ni nini hasa

Darasani tulifundishwa kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi: kuinua mzigo, kusukuma gari, kuchemsha maji, kuwasha taa. Haina rangi, haina nia, haijui jema wala baya. Na inahesabika. Unaponunua umeme wa LUKU unanunua nishati kwa uniti, na uniti moja ni pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima.

Mwili nao una hesabu yake. Mtu mzima anayekula chakula cha kalori 2,000 kwa siku anatumia nishati sawa na uniti 2.3 hivi. Ukigawa kwa saa 24, unapata mwili unaotoa joto kama zile glopu za zamani za wati 100. Ndiyo maana ukumbi wa harusi ukijaa unageuka tanuri hata feni zikizunguka zote: watu 300 ni sawa na pasi thelathini zimewashwa kwa pamoja.

Umeme pia tunao. Hospitali wakikubandika vishikizo kifuani kupima moyo, wanasoma umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi, nao ni kama milivolti moja. Betri ya tochi ina nguvu mara 1,500 zaidi. Moyo una hata uga wa sumaku, ila ni dhaifu kama mara milioni moja kuliko ule wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Kuupima kunahitaji vyombo nyeti sana, mara nyingi ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku nyingine. Lakini umepimwa.

Hapo ndipo nataka msomaji atue kidogo. Vipo vyombo vinavyonasa kitu kidogo kiasi hicho, mara milioni chini ya sumaku ambayo wewe na mimi tumo ndani yake sasa hivi bila kuihisi. Halafu anatokea mtu anayesema anatoa viganjani nishati ya kuyeyusha uvimbe, na kwamba anaihisi ya mgonjwa kwa ngozi tu, kama mtu anavyohisi joto la sufuria. Nishati kubwa hivyo ingepaswa kuwa kazi rahisi kwa mita. Hadi leo hakuna mita iliyoisoma.

Sasa, Kiswahili chetu kina tabia ya kulipa neno moja kazi nyingi. Tunasema nguvu za giza, nguvu za kiume, nguvu ya umma, na wakati huohuo tuna Tume ya Nguvu za Atomiki. Hakuna anayedhani tume ile inashughulika na nguvu za kiume. Vivyo hivyo Wachina wana chi, Wahindi wana prana na chakra: ni fikra za kale kuhusu uhai na pumzi, zenye heshima yake, kama sisi tunavyosema roho imemtoka au damu yangu haijapatana na yake. Matatizo yalianza pale maneno hayo yalipotafsiriwa kuwa "nishati" kisha yakavalishwa koti jeupe la maabara.

Niweke na mpaka mwingine mapema, maana najua maoni yatakuja. Mchungaji anayemwekea mgonjwa mikono, au shehe anayesoma ruqya, hasemi anatoa wati. Anamwomba Mungu, na hilo haliko kwenye makala hii. Hata mganga wa kupunga pepo kule pwani anasema wazi kwamba kuna pepo, ana kiti chake na ngoma yake. Ukimletea mita atakushangaa. Ila anayesema "mawimbi", "masafa", "kwanta" na "sumaku ya mwili" ameingia kwa miguu yake kwenye uwanja wenye mita.

Mtoto na mti wa nne

Wengi hudhani tiba hizi ni za kale kuliko milima. Fikra zake ndiyo, lakini huduma zenyewe ni za juzi. Reiki ilianzishwa na Mjapani Mikao Usui mwaka 1922. Aliyeivusha bahari ni Hawayo Takata, mwanamama wa Hawaii, ambaye alikuja kutoza dola 10,000 kumfikisha mwanafunzi ngazi ya ualimu. Ile ya kupitisha viganja bila kugusa, iliyopewa jina la ajabu la "mguso wa tiba", ilianzishwa mwaka 1972 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi mjini New York, pamoja na Dora Kunz.

Mchezo wenyewe, hata hivyo, ulishawahi kuchezwa Ulaya karne mbili nyuma. Franz Mesmer, daktari kutoka Vienna, aliingia Paris mwaka 1778 akisema kuna majimaji yasiyoonekana yanayopita katika viumbe vyote, na ugonjwa ni pale yanapoziba. Yeye aliweza kuyazibua kwa mikono. Watu wa hadhi walijazana, wakapiga kelele, wakazimia, wakaamka wanasema wamepona. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 akaunda tume. Ndani yake alikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani, mkemia Lavoisier, na daktari Guillotin, yule ambaye jina lake baadaye lilipewa mashine ya kukatia vichwa, ambayo miaka kumi baada ya tume hiyo ilimkata Lavoisier. Historia ina mizaha mibaya.

Tume haikubishana kuhusu nadharia. Ilifanya jambo la kitoto kabisa. Mwanafunzi wa Mesmer, daktari Deslon, aliutia mti mmoja wa bustani ya Franklin hiyo nguvu. Kisha akaletwa mvulana wa miaka 12, aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe kwa sababu alikuwa mwepesi kuihisi. Akafungwa kitambaa machoni, akapelekwa mti hadi mti. Wa kwanza, akatoka jasho na kukohoa. Wa pili, kichwa kikamuuma. Wa tatu, hali ikazidi. Wa nne akazimia, ikabidi abebwe akalazwe kwenye nyasi. Hakuna hata mmoja kati ya miti ile minne uliokuwa umetiwa kitu.

Tume iliandika kwamba majimaji hayo hayapo, na kwamba kilichowaangusha watu ni mawazo yao wenyewe. Tazama vizuri: hawakusema mtoto anaigiza. Alizimia kweli. Jasho lilikuwa jasho. Swali lilikuwa limetoka wapi, na jibu halikuwa kwenye mti.

Binti mwenye ubao wa boksi

Zaidi ya miaka 200 baadaye, binti wa darasa la nne huko Colorado, Marekani, anaitwa Emily Rosa, alihitaji kazi ya maonyesho ya sayansi shuleni. Alikuwa na miaka tisa. Wauguzi waliokuwa wakitoa ule "mguso wa tiba" walisema wanahisi uga wa nishati wa binadamu kwa viganja. Yeye akawaza: kama mnauhisi, basi mtaujua mkono wangu uko wapi.

Alichukua boksi gumu, akatoboa matundu mawili chini. Mtoa huduma anapitisha mikono yake miwili, viganja juu, haoni upande wa pili. Emily anarusha sarafu kuamua kulia au kushoto, kisha anashikilia mkono wake sentimita chache juu ya kiganja kimoja cha mtaalamu. Swali: uko juu ya kipi?

Watoa huduma 21 walikubali, wengine wakiwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Walijaribu mara 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha kwa sarafu anapata asilimia 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari Marekani, Emily akiwa na miaka 11.

Kuna waliosema jaribio lilikuwa dogo, au kwamba halikupima kama wagonjwa wanapona. Ni kweli halikupima hilo. Lilipima kitu kilicho chini yake, msingi wenyewe. Fundi akikuambia anasikia bomba linalovuja ndani ya ukuta kwa kuweka sikio, nawe ukamjaribu akashindwa kujua upande upi una bomba, hutaendelea kujadiliana naye bei ya kubomoa.

Mbona basi watu wanapata nafuu?

Hapa ndipo wengi wanaopinga tiba hizi hukosea. Wanaishia kusema "ni uongo" na kuondoka, wakati mtu aliyepata nafuu anajua alichohisi. Ukimwita mjinga hatakusikiliza, na ana haki.

Kwanza kuna suala la kupwa na kujaa. Mchukue mtu wa bara asiyejua bahari, mfikishe ufukweni saa maji yamejaa kabisa, kisha mwambie utayafukuza kwa dua ya siri. Kaa naye saa sita. Maji yataondoka, naye atakwenda kwao kusimulia. Maumivu ya mgongo, goti, kichwa na tumbo huja na kuondoka namna hiyo. Na mgonjwa haendi kwa mtoa tiba siku maumivu ni madogo. Anakwenda siku yamefika juu kabisa, siku ambayo baada yake, kwa vyovyote, kuna uwezekano mkubwa wa kupungua. Aliyemshika mkono siku hiyo ndiye anayebeba sifa.

Pili kuna kile madaktari wanachokiita plasebo: nafuu inayotokana na kutarajia na kuhudumiwa, hata kama dawa ni tupu. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2011 huko Marekani, la wagonjwa 39 wa pumu. Kila mmoja alipitia hali nne kwa siku tofauti: dawa halisi ya kuvuta, dawa tupu ya kuvuta, tiba bandia ya sindano za Kichina, na kukaa tu bila chochote. Baadaye walifanyiwa mambo mawili: wakaulizwa wanajisikiaje, na wakapuliza kwenye chombo kinachopima hewa inayotoka mapafuni.

Walipoulizwa, dawa halisi iliwapa nafuu ya asilimia 50, dawa tupu asilimia 45, sindano bandia 46. Karibu sawa kabisa. Waliokaa tu, asilimia 21. Lakini chombo kilisema vingine: dawa halisi ilifungua mapafu kwa asilimia 20, na zile nyingine tatu, pamoja na kukaa tu, zote kama asilimia saba.

Rudia kusoma aya hiyo kama una mtoto mwenye pumu. Mgonjwa anasema "najisikia vizuri" na wala hadanganyi, huku njia zake za hewa zimebana vilevile. Kwa maumivu ya goti, kujisikia vizuri ni sehemu kubwa ya kupona. Kwa pumu, kisukari au shinikizo la damu, kujisikia vizuri kunaweza kukufikisha kaburini ukiwa unatabasamu.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni aibu yetu sisi tunaotetea hospitali. Mwaka 2011 hiyohiyo ulichapishwa utafiti mwingine wa wagonjwa 189 waliokuwa wakipewa dawa za saratani kwa dripu. Waligawanywa mafungu matatu: huduma ya kawaida, reiki ya mtu aliyesomea, na reiki ya bandia kutoka kwa mtu anayeiga mikono tu. Waliopata reiki walijisikia vizuri kuliko wa huduma ya kawaida. Na waliopata ya bandia nao hivyohivyo. Cheti cha reiki hakikuongeza kitu. Kilichoongeza ni kuwa na mtu karibu yako, ametulia, anakujali, wakati sumu ya dawa inaingia mshipani.

Nilimsomea shangazi habari hiyo. Akacheka. "Yule kijana alinishika mkono nusu saa nzima, akaniuliza habari za marehemu mjomba wako. Daktari wa kule kwingine hata macho hakuninyanyulia. Aliandika, akaniambia nenda dirisha la dawa." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Mashine na bangili

Turudi kwenye kile kijiti cha chuma. Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe, sehemu mbili tofauti, siku moja, mashine zinazofanana kama mapacha. Kabla ya kushika chochote unaulizwa jinsia, umri, urefu na uzito. Sehemu ya kwanza nilitaja umri wangu halisi. Ya pili nikajiongezea miaka 25 na kilo 20. Mhudumu wa pili alinitazama mara mbili, lakini akaandika. Asubuhi figo zangu zilikuwa salama na tumbo lina shida. Baada ya chakula cha mchana tumbo likapona, figo zikaanza kuchoka, mifupa ikaisha madini. Jaribio langu ni la mtu mmoja, silipi uzito kuliko huo. Ila linagharimu shilingi 20,000 tu na yeyote anaweza kulirudia.

Fikiria pia inachodai kufanya. Hospitali wakitaka kujua hali ya ini wanakutoa damu na kuipima kemikali moja moja. Kijiti cha chuma kiganjani kinaweza kunasa unyevu wa ngozi, yaani jasho. Kutoka kwenye jasho la kiganja hadi kwenye kongosho kuna safari ambayo hakuna aliyewahi kuieleza.

Bangili nazo zina kisa chao. Miaka ya 2000 ikiishia, bangili za mpira za Power Balance ziliuzwa duniani kote kama zinazoongeza nguvu na uwiano wa mwili. Mwaka 2010 mamlaka ya ushindani na walaji ya Australia iliibana kampuni, nayo ikakiri hadharani kwamba haina ushahidi wa kisayansi unaoaminika. Maonyesho yao yalikuwa ya kuvutia: unasimama, unanyoosha mkono pembeni, muuzaji anaubonyeza chini na wewe unayumba, unavaa bangili, anabonyeza tena, husogei. Jaribu na mdogo wako nyumbani. Ukisukuma mkono chini huku ukiuvuta kidogo mbali na mwili, ataanguka. Ukisukuma chini huku ukiuelekeza kidogo kwenye mwili wake, atasimama kama nguzo. Mwelekeo wa sentimita chache, na mfukoni mwako kuna bei ya bangili.

Picha za "aura", ati mwanga wa nishati ya mwili, zenye rangi kuzunguka vidole? Zile za mtindo wa Kirlian, lililo jina la fundi wa Kisovieti aliyezianzisha mwaka 1939, ni cheche za umeme mkali zinazoruka kati ya kitu na bamba, na unyevu hubadilisha umbo lake. Weka sarafu ya shilingi mia mbili, nayo itatoa aura.

Na tiba ya mbali ndiyo inanishinda kabisa. Kila nishati inayosambaa tunayoijua hufifia kadiri unavyoiacha. Kandili ikikaa mita mbili mbele yako, mwanga unaokufikia ni robo ya ule wa mita moja. Nishati ya reiki inatoka California hadi Mbagala bila kupungua, inampata mlengwa pekee na kuwaruka majirani wote, na inajua nyumba isiyo na namba.

Yanayosemwa mtaani

"Sayansi haijui kila kitu. Zamani hata mawimbi ya redio yasingeaminika." Kweli, haijui kila kitu. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Heinrich Hertz aliyanasa mawimbi hayo kwenye meza ya maabara kati ya 1886 na 1888, wengine wakarudia na kupata yaleyale, ndipo redio zikaja kuuzwa. Hapa tumeanza na duka, maabara bado inasubiriwa.

"Nimeona watu wengi waliopona." Nami nimewaona. Wale ambao hawakupona wako nyumbani, na waliokufa hawatoi ushuhuda. Watanzania tuna somo letu la mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu tuliyemwita Babu, kwa shilingi 500. Ile ilikuwa dawa ya mizizi, haikuwa nishati, lakini hesabu ya ushuhuda ni moja: magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, habari za waliopona zikajaa kila kona, na waliofia kwenye foleni wakawa habari ya siku moja.

"Amesajiliwa." Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake. Usajili ni jambo jema; unamfanya mtoa huduma ajulikane na awe na wa kumwajibisha. Haumaanishi kila anachokitamka kimethibitishwa, kama leseni ya udereva isivyomaanisha gari lake lina breki.

"Basi haina madhara, niache nijaribu." Kulala kitandani ukapepewa viganja hakuui mtu, hilo nakubali, na kama pesa ni zako na unatoka umepumzika, mimi ni nani. Madhara yako kwenye kalenda. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa watu 281 wenye saratani ambazo hazijasambaa, waliochagua tiba mbadala za aina mbalimbali peke yake, na wengine 560 wanaofanana nao waliotibiwa hospitali. Hatari ya kufa kwa kundi la kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Miezi sita ya kusawazisha nishati ni miezi sita ya uvimbe kukua.

Na hapo Ocean Road, ufukweni Dar es Salaam, ipo tiba ya nishati kwa maana kamili ya neno. Taasisi ya saratani inatumia mionzi inayopenya nyama na kuua seli. Ina dozi inayohesabiwa, imegawanywa kwa siku, na mashine hukaguliwa kama inatoa kile kinachoandikwa. Ngozi inaweza kuungua. Mgonjwa anachoka. Ikizidi inaharibu, ikipungua uvimbe unabaki. Nishati inayogusa mwili kweli huwa na sura hiyo, ya kisu chenye makali pande zote. Ile isiyoweza kumdhuru yeyote kwa kiasi chochote inanitia shaka kwa sababu hiyohiyo.

Kikabaki kidani. Hicho nilikuwa nimekiacha makusudi, kwa kuwa shangazi alikuwa amekwisha kukizoea na kukivaa hata bafuni. Jioni moja nikamweleza kwamba Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima vidani, bangili na hata kifuniko cha macho cha kulalia, vilivyouzwa kama vya nishati na kinga dhidi ya 5G. Bidhaa kumi zilikutwa zinatoa mionzi halisi, ya aina ileile ambayo watu wa eksirei hujikinga nayo, na wenye nazo wakaambiwa waache kuzivaa kwa sababu kuvaa muda mrefu kunaweza kuumiza ngozi.

Shangazi alikivua polepole, akakitazama kwa mwanga wa taa ya sebuleni, akakigeuza upande wa pili.

"Kwa hiyo hiki kina nishati kweli?"

"Huenda. Huenda ni plastiki tupu. Watu wa Nguvu za Atomiki wana mita, tuwapelekee waseme."

Akakifunga kwenye kipande cha khanga, akakiweka kibarazani karibu na ndoo ya maji, mbali na mlango. Halafu akarudi, akakaa, akanyoosha mguu na kunionyesha goti.

"Na hili nalo?"

Nikamwambia Jumatatu tunakwenda kwa watu wa mazoezi ya viungo, mimi na yeye, na nitakaa naye ndani.

"Uwaambie waniulize na habari za mjomba wako," akasema.